Jedwali Limefunikwa Chini ya Madirisha

Mwalimu wa sekondari anaketi saa mbili usiku kujaza alama za Kidato cha Pili. Anafungua jedwali la Excel. Jina la mwanafunzi mmoja linatofautiana na lile la kwenye orodha ya shule, basi anafungua barua pepe ili ahakikishe. Kwenye barua pepe kuna kiungo cha mwongozo mpya wa madaraja, anakibofya. Mwongozo una istilahi asiyoifahamu, anaitafuta Google. Inapotimu saa tatu na nusu, kivinjari kina vichupo (tabs) 19, WhatsApp inameta pembeni, na jedwali lililomketisha pale limefunikwa chini kabisa. Amejaza wanafunzi 6.

Ukimwuliza, hatakuambia alikuwa anacheza, na kweli hakuwa anacheza. Karibu kila dirisha lilizaliwa na kazi ileile. Tatizo ni kwamba kompyuta humfungulia mtu mlango wowote anaoomba, lakini haimkumbushi alikuwa anatoka wapi wala anakwenda wapi. Mwenye akili tulivu hurudi mwenyewe. Kwa mtu ambaye mawazo yake huhama upesi, hasa mwenye hali ya ubongo iitwayo ADHD, safari ya kurudi ndiyo ngumu. Wengi wenye hali hiyo hupata shida kushikilia mambo kadhaa akilini kwa wakati mmoja, na kitu kikishatoka machoni, mara nyingi kimetoka na akilini. Ndiyo sababu hawataki kufunga dirisha: likiwa wazi, ni kama uzi uliofungwa kidoleni ili mtu asisahau.

Woga huo wa kufunga hauwapati wao peke yao. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watu na vichupo vyao. Walikuta watu wanaelemewa na vichupo vingi, wengine hata wanaona aibu navyo, lakini hawavifungi kwa kuhofu kwamba kilichofungwa kitapotea moja kwa moja. Katika sehemu moja ya utafiti huo, takribani robo ya washiriki walisema kivinjari au kompyuta yao iliwahi kukwama kabisa kwa wingi wa vichupo.

Kwa hiyo kumwambia mtu wa namna hii "funga vyote ubaki na kimoja" ni kumnyang'anya kumbukumbu yake bila kumpa nyingine. Kwanza ajue kwamba kilichofungwa kinarudi. Katika Chrome, Edge na Firefox, kwenye kompyuta ya Windows, kubonyeza Ctrl, Shift na T kwa pamoja hurudisha kichupo cha mwisho kufungwa. Ukibonyeza tena hurudi kilichotangulia. Ctrl na H hufungua historia ya kurasa ulizopitia. Mtu akishajaribu mara tatu nne na kuona kweli vinarudi, mkono wake huanza kulegea.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kuacha kurasa wazi, nayo ni bando. Mtu ameshalipia ukurasa ufunguke, mtandao unaweza kukatika wakati wowote, basi anauacha pale kama akiba. Akiba hiyo ni dhaifu. Kumbukumbu ya kazi ya kompyuta (RAM) inapopungua, jambo la kawaida kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 4, kivinjari chaweza kukilaza kichupo usichokigusa, na ukikirudia kinaanza kupakua upya na kula bando upya, au kinakataa kabisa kama mtandao haupo. Ukurasa unaouhitaji kweli uhifadhi kama PDF: bonyeza Ctrl na P, kisha badala ya printa chagua kuhifadhi PDF. Hapo umekuwa wako hata mtandao ukikatika.

Dawa kubwa zaidi ni ya zamani. Mwaka 1986 Austin Henderson na Stuart Card, watafiti katika maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, walieleza mfumo waliouita Rooms, yaani vyumba. Walikuwa wametambua kwamba madirisha hayatumiki moja moja, hutumika kwa makundi: kazi hii ina madirisha yake manne, kazi ile ina matatu. Kwenye kioo kimoja kidogo makundi hayo hugombania nafasi, na mtu huishia kufunua na kufunika mchana kutwa. Wakaipa kila kazi chumba chake, chenye milango ya kupitia kwenda vyumba vingine.

Wazo hilo leo limo ndani ya kompyuta nyingi, ingawa wenye kompyuta wengi hawajawahi kuligusa. Linux imekuwa nalo kwa miaka mingi, Mac tangu 2007, Windows tangu toleo la 10 la mwaka 2015. Kwenye Windows, shika kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na Ctrl, kisha bonyeza D: eneokazi jipya, lisilo na madirisha, linafunguka. Ukishika vitufe hivyohivyo na mshale wa kulia au wa kushoto unahama kutoka moja kwenda jingine. Mwalimu wetu angeweka jedwali na orodha ya majina eneokazi la kwanza, barua pepe na WhatsApp la pili, na mwongozo na istilahi zake la tatu. Hakuna kilichofungwa, ila kilicho mbele ya macho ni alama tu. Jambo moja asilisahau: arifa hupenya kuta hizi, hivyo azizime kwanza.

Lakini hata vyumba vikipangwa vizuri, kuna kinachobaki kichwani. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu anapohama kazi, sehemu ya fikra zake hubaki kwenye kazi aliyoiacha, na kazi anayoihamia huathirika. Mwaka 2018 yeye na mtafiti mwenzake Theresa Glomb wakaeleza njia ya kupunguza mabaki hayo: kabla ya kuhama, mtu achukue muda mfupi kuandika amefikia wapi na akirudi ataanzia wapi.

Njia hiyo haihitaji programu yoyote. Kipande cha karatasi kando ya kibodi kinatosha, na kina faida moja ambayo dirisha halina: hakifunikwi na dirisha jingine. Kabla ya kufungua barua pepe, mwalimu angeandika: "Nimefika namba 6. Nakwenda kuhakikisha jina la namba 7. Nikirudi: namba 7, Hisabati."