Lambo la Kuzuia Mafuriko: Kazi Yake na Matunzo Yake

Katika vijiji vya Mkoa wa Tanga vilivyo kati ya milima ya Usambara na bahari, maji ya mvua kubwa hayaji taratibu. Mvua hunyesha milimani, na baada ya saa chache makorongo yaliyokuwa makavu hufurika na kuchukua mazao, madaraja na hata maisha ya watu. Ndivyo ilivyokuwa katika mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, na ndivyo ilivyokuwa tena Oktoba 2019, mvua zilipokata mawasiliano ya barabara kati ya Korogwe na Handeni. Mojawapo ya njia za kupunguza madhara hayo ni lambo dogo la udongo linalojengwa juu ya kijiji, katika korongo lenyewe. Yafuatayo ni maelezo ya namna lambo hilo linavyofanya kazi na sababu za kulitunza.

Namna linavyofanya kazi

Yafaa ieleweke kwanza kuwa lambo la aina hii halizuii maji yasipite kabisa. Kazi yake ni kuyachelewesha. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya eneo la kilomita moja ya mraba, huleta maji mita za ujazo 50,000. Iwapo nusu yake itatiririka juu ya ardhi, ni mita za ujazo 25,000. Maji hayo yakishuka kwa saa moja, korongo hupitisha takriban mita za ujazo 7 kila sekunde, nguvu inayotosha kubomoa nyumba ya udongo. Lakini yakipokelewa na lambo, kisha yakatolewa kidogo kidogo kwa muda wa saa 12, korongo halitapitisha hata mita moja ya ujazo kwa sekunde. Maji ni yale yale; kilichobadilika ni muda.

Kwa sababu hiyo lambo huwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni tuta, ambalo hujengwa kwa udongo wenye mfinyanzi wa kutosha, uliomwagwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa kila tabaka. Ya pili ni bomba la kutolea maji, linalopita chini ya tuta. Ya tatu ni utoro wa maji, yaani njia pana iliyochimbwa pembeni, katika ardhi ngumu, ambayo kimo chake ni chini ya kile cha tuta. Lambo likijaa kupita kiasi, maji ya ziada hupita hapo na kurudi korongoni bila ya kuligusa tuta.

Lambo tupu ndilo lambo la kinga

Hapa ndipo penye mgongano katika vijiji vingi. Bwawa la Mabayani katika mto Zigi, lililokamilika mwaka 1978, lilijengwa kuhifadhi maji ya matumizi ya mji wa Tanga. Bwawa la namna hiyo hutakiwa lijae. Lambo la mafuriko, kinyume chake, hutakiwa liwe na nafasi kabla ya mvua kubwa kuanza. Lambo lililojaa mwezi Machi halina pa kuyaweka maji ya Aprili.

Hata hivyo, mwenye ng'ombe na mwenye bustani ya mboga huyaona maji yanayotoka bombani kuwa ni mali inayopotea. Hivyo hutokea bomba likazibwa, au utoro ukajazwa magunia ya mchanga ili kina kiongezeke. Haja yao ni ya haki, kwani kiangazi ni kirefu na maji ni uhai. Lakini jibu lake ni kijiji kukubaliana mapema kiasi cha maji kitakachobakizwa chini, na kuchimba lambo jingine la mifugo panapowezekana. Kuziba utoro si jibu. Tuta la udongo likipitiwa na maji juu yake huliwa upesi, na likikatika, maji yote yaliyokusanywa huteremka kwa pamoja. Kijiji kilichodhani kimekingwa hupata mafuriko makubwa kuliko ambayo kingepata bila ya lambo.

Mifano haiko mbali. Huko Solai, katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo la shamba lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 wakati wa mvua kubwa, na watu wasiopungua 47 walipoteza maisha. Katika Mkoa wa Morogoro, Bwawa la Kidete, lililokuwa likipunguza nguvu ya maji yanayoelekea Kilosa na Reli ya Kati, liliharibika. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata reli hiyo na kuwaacha maelfu ya watu bila ya makazi.

Wajibu wa wananchi

Kabla ya kila masika na kila vuli, kamati ya maji ya kijiji inapaswa kukagua mambo yafuatayo:

(a) Utoro uwe wazi, usiwe na vichaka, magunia wala uzio.

(b) Bomba lisiwe limezibwa na matope au matawi.

(c) Tuta lifunikwe na nyasi fupi. Miti isiachwe kuota juu yake, kwa kuwa mizizi inapooza huacha njia za maji. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa vichimbuliwe, vijazwe udongo na kushindiliwa.

(d) Mifugo isipitishwe juu ya tuta, kwani njia za kwato hugeuka mifereji.

(e) Mashapo yaliyojaa lamboni yaondolewe wakati wa kiangazi, na miteremko ya juu isilimwe bila ya makinga maji.

Aidha, maji safi yanayojipenyeza kidogo chini ya tuta yaangaliwe kila siku. Yakigeuka kuwa ya matope, ni dalili kuwa tuta linaliwa kwa ndani. Hapo wakaazi wa mabondeni wahamishwe mara moja, bila ya kusubiri mvua ikatike, na taarifa ipelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo eneo lake linajumuisha pia mito ya Zigi na Umba.

Lambo hujengwa kwa msimu mmoja, lakini hutunzwa miaka yote. Kijiji kinachotaka kinga yake hakina budi kukubali kuyaacha maji yaende zake.