Viti Viwili na Viti Vitano

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huu hutupiwa mno magari ya mbio ya zamani, kwamba ni ya kutazamwa tu. Mimi naona Datsun 240Z halistahili hukumu hiyo.

Gari hilo lilitoka Japani mwaka 1969: pua ndefu, mgongo mfupi, injini ya pistoni sita ya lita 2.4, kabureta mbili, na viti viwili basi. Uzuri wake ulijaribiwa katika tope na vumbi la huku kwetu. Lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta.

Lakini hebu, ndugu msomaji, tuutazame vyema huo mwaka 1973. Mehta alimaliza sawasawa kwa pointi na Harry Källström, aliyeendesha Datsun 1800 SSS, gari la ukoo wa Bluebird, magari ya watu wenye watoto. Ilibidi kanuni ndiyo imtoe mshindi. Kisha, tangu 1979 hadi 1982, Mehta huyohuyo alishinda mara nne mfululizo kwa Datsun ya namna ya Violet, nayo ni saluni. Basi mbio peke yake si mpaka baina ya magari haya.

Mpaka uko wapi? Chukua Toyota Axio, saluni iliyoanza kutoka mwaka 2006. Nyingi zina injini ya lita 1.5 yenye pistoni nne. Petroli hupimwa na kompyuta, breki huzuiwa zisigandishe magurudumu, na mifuko ya hewa imejificha ikingoja ajali. Katika 240Z dereva hana msaidizi ila mikono, miguu na sikio lake. Gari lile humfunza dereva kosa lake papo hapo, hili humsitiri.

Na sitara hiyo imewahadaa wengi. Utamwona kijana katika barabara ya Malindi amelipasua bomba la moshi lingurume, analipita lori kwenye kona, na kiti cha nyuma kimejaa kina mama na watoto. Waliomo ndani ya gari la Safari ni wawili, dereva na mwongozaji wake, nao wamekubaliana juu ya hatari. Hawa wa nyuma hawakuulizwa.

Mabaharia wetu walilijua jambo hili zamani. Ngalawa ya mashindano huachiwa tanga lote hata ikalala ubavu. Jahazi lenye abiria hupunguziwa tanga mapema, na hakuna amwitaye nahodha wake mwoga.

Mwenye 240Z na alitunze, ni johari. Mwenye saluni, kabla ya kukanyaga mafuta, na atupe jicho katika kioo cha ndani aone amepakia nani.