Kalafati ya Joto: Rojo ya Moduli ya Kuwashia Injini na Suala la Istilahi katika Gereji za Kwale

Utangulizi

Gari kuukuu litokalo Lunga Lunga huweza kwenda vyema hadi Msambweni, likapita Ukunda bila tatizo, kisha likazima ghafla kwenye foleni ya kivuko cha Likoni. Dereva huzungusha ufunguo bila mafanikio. Baada ya nusu saa hivi, injini huwaka kana kwamba haikuwa na ila yoyote. Aghalabu lawama huelekezwa kwa petroli au pampu yake, ilhali chanzo chaweza kuwa kukauka kwa rojo nyeupe iliyopakwa chini ya kifaa kidogo kinachoenea kiganjani. Makala haya yanaeleza kazi ya rojo hiyo, namna inavyopakwa, na sababu ya jina lake kuwa suala linalowahusu wanafunzi wa Kiswahili sawa na mafundi.

Moduli na adui wake

Zamani, cheche ya plagi ilitegemea pointi zilizofunguka na kufunga ndani ya distribyuta. Katika miaka ya 1970 watengenezaji wa Marekani, miongoni mwao Chrysler na General Motors, walianza kuziondoa pointi hizo na kuweka moduli ya elektroniki. Moduli ni swichi isiyo na sehemu inayosogea: huruhusu umeme wa betri kupita kwenye koili, kisha huukata kwa ghafla, na koili ikatoa maelfu ya volti. Magari mengi ya petroli ya miaka ya 1980 na 1990 yana moduli ya aina hii, iwe ndani ya distribyuta, ubavuni mwake au karibu na koili.

Kila umeme unapopita, moduli hupata joto. Joto hilo halina budi kutoka kupitia mgongo wake wa chuma hadi kwenye bati au kiwiliwili cha distribyuta. Lisipotoka, swichi hushindwa kufanya kazi hadi ipoe. Ndiyo maana gari huzima likiwa limesimama kwenye foleni, au likipanda polepole kutoka Kombani kwenda mjini Kwale, ambapo injini hufanya kazi nyingi na upepo ni haba. Tatizo hili si la Pwani pekee. Mwaka 2000 jaji mmoja wa jimbo la California aliamuru kampuni ya Ford iyarejeshe magari yapatayo milioni 1.7 kwa sababu ya moduli zilizofungwa mahali penye joto jingi. Kesi hiyo ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2001.

Kazi ya rojo

Nyuso mbili za chuma, hata zikionekana laini, zina mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Zikikutanishwa, hugusana katika vilele tu, na mabonde hujaa hewa. Uwezo wa hewa iliyotulia wa kupitisha joto ni takriban wati 0.026 kwa kila meta na kila nyuzi moja ya joto. Rojo ya kawaida, yaani oksidi ya zinki katika mafuta ya silikoni, hufikia takriban 0.7, na alumini hupita 200.

Tarakimu hizi zina mafunzo mawili. Kwanza, rojo huishinda hewa zaidi ya mara ishirini, hivyo moduli iliyofungwa pasipo rojo huungua upesi hata ikiwa mpya. Pili, chuma huishinda rojo zaidi ya mara mia mbili, hivyo tabaka nene hudhuru kwa kuzitenganisha nyuso zilizopaswa kugusana.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Fundi huthibitisha kwanza kwamba gari linapozima plagi haipati cheche, na huipima koili pia, kwani nayo huweza kushindwa kwa joto. Hufungua waya wa betri, huitoa moduli, na kufuta rojo kuukuu kwa spiriti pande zote mbili. Huondoa kutu, ambayo hewa ya chumvi ya Diani huileta upesi, kisha hupaka tabaka jembamba lililoenea sawasawa. Mwisho hukaza skrubu vyema, kwani katika moduli kadhaa umeme nao hurudi kupitia hapo. Grisi ya beringi haifai: haikutengenezwa kwa kazi hii, na joto huiyeyusha ikatiririka.

Suala la istilahi

Hapa ndipo lugha inapoingia. Rojo hii ikiitwa "grisi", mwanagenzi atachota grisi yoyote iliyo karibu na kuipaka kwa wingi, kwa kuwa grisi anayoijua hupunguza msuguano. Ikiitwa "gundi", atadhani skrubu hazina haja ya kukazwa. Katika hali zote mbili moduli mpya itaungua, na mwenye gari atalipa mara ya pili kwa kosa lililoanzia kwenye jina.

Kiswahili kina njia nyingine mbali na utohozi, nayo ni upanuzi wa maana. Lugha ya gari tayari imekopa mengi baharini: usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa lori, na nauli ililipwa chomboni kabla ya matatu kuwapo. Kwa msingi huo, "kalafati ya joto" ni jina lifaalo kuzingatiwa. Fundi wa mashua huko Shimoni au Vanga huingiza pamba yenye mafuta katika nyufa za mbao. Anajua kwamba kalafati hujaza mwanya tu, na kwamba haichukui nafasi ya ubao wala ya msumari. Ipo tofauti moja inayopaswa kukiriwa: kalafati ya mashua huzuia maji, ilhali hii hupitisha joto. Hata hivyo, zote mbili huondoa kitu kisichotakiwa mwanyani, na jina humkumbusha mtumiaji kiasi na mahali.

Hitimisho

Imebainika kwamba rojo ya bei ndogo huweza kuokoa kifaa cha bei kubwa, mradi ipakwe kwa ufahamu wa kazi yake. Aidha, imeonekana kwamba istilahi ya gereji huelekeza mkono wa fundi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta uwanja wa utafiti hana haja ya kwenda mbali. Gereji za Ukunda na Msambweni zina vifaa vingi vinavyosubiri majina yatakayoeleza kazi zao.