Waingereza Walisahau Kuuliza Mpaka Utapita Wapi

Miongoni mwa mambo yote yaliyozuka baada ya Uingereza kuamua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, hakuna lililowatoa viongozi wake jasho kama suala la mpaka wa Ireland. Ajabu ni kwamba suala hilo hilo halikupewa uzito wowote kabla ya wananchi kupiga kura. Katika kampeni za kura ya maoni ya Juni 23, 2016, majukwaa yalijaa habari za wahamiaji, za fedha zinazopelekwa Brussels na za uhuru wa kujitungia sheria. Mpaka wa Ireland ulitajwa kwa nadra, na walioutaja waliambiwa kuwa wanawatia watu hofu bure.

Nayaandika haya nikiwakusudia hasa walimu na wanafunzi wao. Nimeufuatia mjadala wa Brexit tangu ulipoanza, na naonelea kuwa ni mfano adimu wa jinsi taifa zima linavyoweza kubishana miaka nenda miaka rudi huku likilikwepa swali lenyewe. Swali lilikuwa jepesi kulitamka: nchi ikijitenga na soko la majirani zake, mstari wa kuwatenganisha utapita wapi?

Pana jambo la lugha ambalo yafaa tulisawazishe mapema. Kiswahili chetu hutumia neno moja, Uingereza, kwa England yenyewe na kwa ufalme mzima unaojumuisha pia Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Sisi tuna udhuru. Lakini wapiga kura wengi wa England nao walifikiri vivyo hivyo, kana kwamba ufalme wao ni kisiwa kimoja kisichopakana na mtu yeyote kwa nchi kavu. Ufalme ulipojumlisha kura zake, asilimia 51.9 walitaka kujitoa. Katika Ireland Kaskazini, sehemu ya pekee yenye mpaka wa nchi kavu na Umoja wa Ulaya, asilimia 55.8 walitaka kubaki.

Sasa tuutazame mpaka huo. Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921. Kaunti sita za kaskazini, zilizokuwa na Waprotestanti wengi waliojihesabu kuwa Waingereza, zilibaki chini ya London. Zile 26 zilizosalia zikashika njia ya uhuru. Mstari uliochorwa haukufuata mlima wala haukuutii mto. Ulifuata mipaka ya zamani ya kaunti, ukapita katikati ya mashamba na vijiji kwa urefu wa kilomita 500 hivi. Barabara itokayo Clones kwenda Cavan huuvuka mara nne katika mwendo mfupi tu. Njia zinazoukatiza zinapita 200. Takriban theluthi moja ya maziwa yanayokamwa kaskazini husafirishwa kusini kutengenezwa. Bia ya Guinness hupikwa Dublin, ikapelekwa Belfast kutiwa katika mikebe, kisha ikarudishwa kusini kunywewa. Msafiri wa leo hatambui kuwa amevuka ila kwa vibao vya mwendo: upande mmoja vimeandikwa kwa maili, upande wa pili kwa kilomita.

Haikuwa hivyo daima. Vituo vya forodha vilianza kazi Aprili 1923, na kwa miaka mingi mkulima alisimamishwa na kupekuliwa akitoka kununua siagi ng'ambo ya pili. Mapigano yalipolipuka mwishoni mwa miaka ya sitini, baina ya waliotaka Ireland iwe moja na waliotaka kubaki chini ya Uingereza, vituo hivyo viligeuka shabaha. Agosti 1972 bomu lililipuka katika kituo cha forodha cha Newry na kuwaua watu tisa. Jeshi likajenga minara ya ulinzi juu ya vilima vya Armagh Kusini, likaziba barabara ndogo kwa saruji au kuzichimba mashimo yasiyopitika. Katika miaka 30 hivi ya uhasama huo, watu zaidi ya 3,500 walipoteza maisha.

Utasikia ikisemwa kwamba mkataba wa amani ndio uliouondoa mpaka. Huo ni ukweli nusu. Maafisa wa forodha waliondoka mwaka 1993, soko la pamoja la Ulaya lilipoanza na bidhaa zikawa hazina haja ya kukaguliwa. Wanajeshi ndio walioondoka baada ya Makubaliano ya Ijumaa Kuu ya Aprili 10, 1998. Mambo hayo mawili yalitegemeana kama mafiga. Makubaliano yalimruhusu kila aliyezaliwa Ireland Kaskazini ajihesabu kuwa Mwingereza, au Mwairishi, au yote mawili, na yakasema hali ya nchi haitabadilishwa ila kwa ridhaa ya wengi. Aliyependa London aliendelea kuwa chini ya London. Aliyependa Dublin aliweza kuendesha gari hadi Dublin bila kusimamishwa na mtu. Kila mmoja alipata kuishi kana kwamba yeye ndiye aliyeshinda, na kwa kuwa mstari haukuonekana, hakuna aliyelazimishwa kuungama kuwa ameshindwa.

Brexit iliutaka mstari huo uonekane.

Baadhi walionya. Juni 9, 2016, mawaziri wakuu wawili wa zamani, John Major wa Conservative na Tony Blair wa Labour, walikwenda pamoja Derry (mji ambao jina lake lenyewe ni ugomvi, maana wapenzi wa Uingereza huuita Londonderry) wakasema kujitoa kutaitikisa amani. Waziri wa masuala ya Ireland Kaskazini wa wakati huo, Theresa Villiers, ambaye alikuwa katika kampeni ya kujitoa, alishikilia kuwa mpaka utabaki kama ulivyo.

Baada ya kura, serikali ya London ilitoa ahadi tatu. Ya kwanza, ufalme wote utatoka katika soko la pamoja na umoja wa forodha. Ya pili, hakutakuwa na ukaguzi wowote mpakani Ireland. Ya tatu, hakutakuwa na ukaguzi baina ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za ufalme. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi; wanasiasa hawa walitaka kupita tatu.

Mwalimu akitaka kuwaonyesha wanafunzi wake kwa nini hilo haliwezekani, achukue mfano wa kuku. Sheria za Ulaya zinakataza nyama ya kuku aliyeoshwa kwa klorini. Tuseme London, ikiwa huru kujitungia sheria, imeamua kuiruhusu kutoka Marekani. Kuku huyo akifika Belfast, nini kitamzuia kufika Dublin, na kutoka Dublin kufika Paris? Lazima pawe na mtu wa kumsimamisha mahali fulani: ama barabarani katika vilima vya Armagh, ama bandarini. Yule asemaye hatasimamishwa popote hana budi kukubali sheria zile zile alizotaka kuzikimbia. Na jambo hili halikuwa la nadharia tu. Sisi wenyewe Kenya tulilazimika kutia saini mkataba mpya wa biashara na Uingereza Desemba 2020 ili maua na mboga zetu zisianze kutozwa ushuru huko, kwa kuwa mkataba wa Ulaya haukuifunga London tena. Kujitoa ni kujitoa. Kila fundo la zamani lilipaswa kufungwa upya.

Badala ya kulikabili hilo, wakubwa walizungumzia kamera na mitambo ambayo ingekagua malori bila kuyasimamisha. Februari 2018 Boris Johnson, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje, aliufananisha mpaka wa Ireland na ule wa mitaa ya Camden na Westminster mjini London, ambako madereva hutozwa ada bila kusimama. Nilipoisoma kauli hiyo nilidhani nimeisoma vibaya. Wakazi wa Camden hawajapigana na wa Westminster juu ya nchi waliyo raia wake! Septemba mwaka huo huo, Karen Bradley, waziri aliyekabidhiwa Ireland Kaskazini, alikiri kwamba kabla ya kupewa kazi hiyo hakujua kuwa wapenda Ireland moja hawavipigii kura vyama vya wapenda Uingereza. Huo ndio uzito wa maarifa yaliyokuwa mezani.

Theresa May alijaribu kuzipatanisha ahadi hizo. Alikubali kinga ya dharura ambayo ingeufunga ufalme wote katika forodha ya Ulaya mpaka dawa ya mpaka ipatikane. Lakini baada ya uchaguzi wa Juni 2017 alikuwa akiitegemea DUP, chama cha wapenda Uingereza cha Ireland Kaskazini, chenye wabunge 10 tu, nacho hakikuitaka kinga hiyo. Januari 15, 2019 Bunge liliukataa mkataba wake kwa kura 432 dhidi ya 202. Ukakataliwa tena mara mbili, naye akaondoka.

Aliyemrithi ni Johnson. Novemba 2018, mbele ya mkutano wa DUP, alikuwa amesema hakuna serikali ya Conservative inayoweza kukubali mpaka uwekwe baharini. Oktoba 2019 alikubali hasa kitu hicho: Ireland Kaskazini ifuate sheria za Ulaya kuhusu bidhaa, na ukaguzi ufanyike kwa shehena zinazovuka bahari kutoka Uingereza. Mwezi uliofuata aliwaambia wafanyabiashara wa huko kuwa wakitakiwa kujaza fomu yoyote waitupe katika pipa la taka. Ufalme ulijitoa Januari 31, 2020, na tangu Januari 2021 fomu hizo zilikuwapo na zilijazwa.

Hapa natofautiana na wengi wanaoyaandika mambo haya kwa kuwakejeli wapenda Uingereza wa Belfast, ati wanalilia soseji. Ni kweli ugomvi wa mwaka 2021 ulihusu soseji na nyama baridi. Ni kweli pia kuwa DUP iliunga mkono Brexit na ikaikataa kinga ambayo ingeliwaepusha na haya. Lakini tukikubali kwamba kibanda cha forodha barabarani Armagh kingelikuwa jeraha kwa Mwairishi, hata kama kingekagua maziwa tu, basi hatuna haki ya kumwambia jirani yake kuwa ukaguzi katika bandari ya Larne ni makaratasi matupu. Kwake yeye ni dalili kwamba anasukumwa nje ya nchi yake polepole. Aprili 2021 vijana walichoma magari katika mitaa ya Belfast. Februari 2022 DUP ilijitoa katika serikali ya pamoja ya Stormont, na kwa miaka miwili jimbo likakosa serikali kamili huku foleni za hospitali zikizidi kurefuka.

Mapatano ya Windsor ya Februari 2023, baina ya Rishi Sunak na Ursula von der Leyen, yalipunguza makali: bidhaa zinazobaki Ireland Kaskazini hupitia njia ya kijani yenye ukaguzi mdogo, na zile zinazoweza kuvuka kusini hupitia njia nyekundu. Serikali ya Stormont ilirudi Februari 2024, na Michelle O'Neill wa Sinn Féin akawa Waziri wa Kwanza. Desemba mwaka huo wajumbe waliulizwa kama mpango huu wa bandarini uendelee. Waliokubali walikuwa 48, waliokataa 36, na hakuna mjumbe wa vyama vya wapenda Uingereza aliyekubali. Kwa kuwa idhini hiyo haikutoka pande zote mbili, kwa mujibu wa kanuni inadumu miaka minne badala ya minane. Swali litarudi mbele ya baraza hilo mwaka 2028.