Kadi za grafiki: Namba mpya, kumbukumbu pungufu

WAFANYABIASHARA wa vifaa vya kompyuta wanaopanga bei kwa kuangalia namba ya toleo pekee wanaweza kujikuta wamefungia mtaji dukani. Ulinganisho wa kadi za grafiki za kampuni ya NVIDIA zilizotoka kati ya 2017 na 2025 unaonyesha kuwa kadi mpya huishinda ya zamani katika jambo moja na kushindwa katika jingine.

Kadi ya grafiki ndiyo inayotengeneza picha inayoonekana kwenye skrini. Wateja wake wakubwa ni wachezaji wa michezo ya kompyuta, wahariri wa video, wachoraji wa ramani za majengo na, katika miaka ya karibuni, watumiaji wa programu za akili mnemba.

Sifa za kadi nne zinazolinganishwa mara kwa mara ni kama ifuatavyo:

GTX 1080 Ti (2017): kumbukumbu gigabaiti 11, njia ya kumbukumbu biti 352, kasi gigabaiti 484 kwa sekunde, umeme wati 250, bei dola 699.

RTX 3060 (2021): gigabaiti 12, biti 192, gigabaiti 360 kwa sekunde, wati 170, dola 329.

RTX 4060 (2023): gigabaiti 8; biti 128; gigabaiti 272 kwa sekunde; wati 115; dola 299.

RTX 5060 (2025): gigabaiti 8, biti 128, gigabaiti 448 kwa sekunde, wati 145, dola 299.

Bei hizo ni zile zilizotangazwa Marekani wakati wa uzinduzi, bila kodi wala usafirishaji.

Kinachoonekana mara moja ni kwamba kutoka RTX 3060 kwenda RTX 4060 kumbukumbu ilipungua kwa theluthi moja, na kasi ya kumbukumbu ikashuka kwa karibu robo. Hata hivyo, katika michezo mingi RTX 4060 ndiyo yenye mwendo mzuri zaidi. Sababu ni kwamba prosesa yake ni ya kizazi kipya, na akiba ya ndani ya prosesa hiyo iliongezwa kutoka megabaiti 3 hadi 24.

Hali hiyo ni sawa na ya muuza duka aliyeongeza rafu za mbele ili asiende ghalani kila mteja anapoingia. Bidhaa zinazotakiwa zikiwa kwenye rafu, huduma ni ya haraka. Lakini mzigo ukizidi ukubwa wa ghala lenyewe, rafu hazisaidii kitu. Ndivyo inavyokuwa pale kazi inapohitaji zaidi ya gigabaiti 8: RTX 3060 yenye gigabaiti 12 huendelea na kazi, wakati kadi mpya hukwama au hupunguza mwendo.

Idadi ya kore nayo inaweza kumpotosha mnunuzi. GTX 1080 Ti na RTX 3060 zote zina kore 3,584. Lakini kore za mwaka 2017 na zile za 2021 hazikuundwa wala kuhesabiwa kwa namna moja, kwa hiyo namba hiyo haifai kulinganisha kadi za vizazi tofauti. Katika michezo ya kawaida kadi hizo mbili zinakaribiana sana, ingawa ya kwanza ilizinduliwa kwa bei iliyozidi mara mbili ya ile ya pili.

Hesabu ya umeme

Mwekezaji mdogo mwenye ukumbi wa michezo au studio ya video anapaswa kuiangalia safu ya wati kabla ya safu ya bei. Tofauti kati ya GTX 1080 Ti na RTX 4060 ni wati 135. Kadi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nane kwa siku, tofauti hiyo ni zaidi kidogo ya uniti moja ya umeme. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 28 kwa mwezi, na kwa kompyuta kumi ni uniti 280. Fedha inayookolewa kwa kununua kadi ya zamani inaweza kurudi yote kwenye malipo ya umeme.

Aidha, kadi ya wati 250 inahitaji pawa saplai kubwa. Mteja asiyeelezwa hilo atarudisha kadi akidai ni mbovu, kumbe tatizo ni pawa saplai ya kompyuta yake.

Kwa upande mwingine, RTX 4060 na RTX 5060 hutumia njia nane tu za kuunganishwa na kompyuta, wakati RTX 3060 hutumia 16. Kwenye kompyuta ya miaka mingi, kadi hizo mpya zinaweza zisifikie mwendo wake kamili.

Muda wa huduma

Jambo ambalo haliandikwi kwenye boksi ni muda ambao mtengenezaji ataendelea kutoa programu ya kuiendesha kadi. Mwaka 2025 NVIDIA ilitangaza kuwa Oktoba mwaka huo ndiyo mwisho wa matoleo ya kawaida ya programu hiyo kwa kadi za kizazi cha GTX 1080 Ti, na kwamba marekebisho ya usalama pekee yangeendelea hadi Oktoba 2028. Kadi hiyo pia haina vitengo vya kukokotoa miale ya mwanga wala uwezo wa kutumia DLSS, teknolojia ya kuongeza mwendo wa picha iliyoanza na kadi za RTX.

Kwa muuzaji, tangazo la namna hiyo ni sawa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kadi itaendelea kufanya kazi, lakini bei yake haitapanda tena.

Jina moja, mali tofauti

Hata jina kamili halitoshi. Kadi ya GT 1030 ya mwaka 2017 ilikuwa na kumbukumbu ya GDDR5 yenye kasi ya gigabaiti 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 likaja toleo la DDR4 lenye jina hilohilo na kasi ya takriban gigabaiti 17 tu. Mwaka 2022 pia lilitoka toleo la RTX 3060 lenye gigabaiti 8 na njia ya biti 128 badala ya 192. Mwenye kuagiza mzigo hana budi kuandika kwenye hati ya oda aina ya kumbukumbu, ukubwa wake na upana wa njia yake.

Soko la mitumba lina tahadhari zake. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mfumo wa uchimbaji uliotegemea kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikaingia sokoni. Feni za kadi kama hizo zikaguliwe kabla ya malipo. Zipo pia kadi bandia ambazo prosesa yake ni ya zamani lakini jina limebadilishwa. Programu ya GPU-Z, ambayo hutolewa bure, imekuwa na uwezo wa kutambua kadi nyingi za namna hiyo tangu 2018.

Kwa ujumla, RTX 3060 ya gigabaiti 12 bado ina soko kwa wahariri wa video na watumiaji wa akili mnemba. RTX 4060 na RTX 5060 zinawafaa zaidi wenye kumbi za michezo wanaobana matumizi ya umeme. GTX 1080 Ti inunuliwe pale tu bei inapokuwa ya chini sana, na kwa idadi inayoweza kuuzwa upesi.