Kusoma Ng'ambo ya Songwe

Kijana wa Ipyana anayekwenda kusoma Malawi huaga kwao kama anayekwenda Tukuyu. Anafika Kasumulu, anavuka daraja la Songwe, na muda si mrefu yuko Karonga akiwasalimia Wangonde kwa Kinyakyusa chake na kuitikiwa vizuri. Ndizi ni zile zile, mchele ni ule ule, na ukoo wa akina Mwa- umejaa pande zote mbili za mto. Karonga humpokea vizuri mno, akadhani Malawi yote ndiyo hiyo. Kumbe kila anaposhuka kusini ugeni wake unaongezeka, na hakuna daraja jingine la kumkumbusha.

Karatasi kwanza. Malawi haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tuko nayo SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika. Mtanzania huingia kutembea bila viza, lakini muhuri wa matembezi si kibali cha masomo, na ofisi za uhamiaji hazisikilizi maelezo ya undugu. Itifaki ya elimu ya SADC, iliyotiwa saini Blantyre mwaka 1997, inavitaka vyuo vitenge angalau asilimia 5 ya nafasi kwa wanafunzi wa nchi nyingine wanachama, na hatimaye viwatoze ada ya wenyeji. Karatasi huahidi upesi kuliko mhasibu wa chuo, basi ulizia ada kwa maandishi kabla ya kufunga begi. Saa nayo irudishwe nyuma: Kasumulu ikiwa saa tatu asubuhi, ng'ambo ni saa mbili. Karibu na mto simu hushika mtandao wa upande wowote, na aliyeiamini anaweza kukosa basi.

Kutoka Karonga barabara hufuata ziwa, kisha hupanda milima. Juu yake iko Livingstonia, misheni iliyohamishiwa Khondowe mwaka 1894 na Dk. Robert Laws, Mskoti. Njia ya kupandia ina kona 20 za kukatisha pumzi. Kwetu jina hilo si geni: baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani walipoondolewa, Waskoti wa Livingstonia ndio waliosimamia misheni za Unyakyusa kwa muda. Siku hizi hapo Livingstonia kipo chuo kikuu cha kanisa. Mbele yake ni Mzuzu, mji wa baridi na mvua, wenye chuo kikuu cha serikali kilichoanzishwa 1997. Huku Kitumbuka kimetawala, na Kiswahili utakisikia sokoni kwa wafanyabiashara tu. Darasani ni Kiingereza mwanzo mwisho.

Mezani ndipo mgeni anapopimwa. Nsima ni ugali laini kuliko wetu, unapakuliwa kwa mwiko uliolowa maji, vipande vinapangwa sahanini kimoja juu ya kingine. Mama anapiga goti kuitenga, mdogo wa nyumba anapita na maji ya kunawa akianza na wakubwa. Unapopewa kitu, pokea kwa mikono miwili, au mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Kwa mzee, piga makofi ya polepole kabla ya kushukuru. Pembeni kuna usipa, dagaa wetu wa ziwani, na ukibahatika mpasa, ambaye Kyela ni mbasa. Neno la kuchunga ni "iwe", yaani wewe: kumwambia hivyo mtu mzima ni kumvunjia heshima, japo ulimi uliozoea "wewe" huteleza bila nia mbaya.

Mavazi yana historia chungu. Mwaka 1973 serikali ya rais Kamuzu Banda ilipiga marufuku wanawake kuvaa suruali na sketi fupi, na sheria ile ikafutwa utawala wa chama kimoja ulipokuwa ukingoni. Hata hivyo, Januari 2012 wamachinga wa Lilongwe waliwavua nguo hadharani wanawake waliovaa suruali, na rais Bingu wa Mutharika akalazimika kukemea. Vyuoni suruali ni kitu cha kawaida. Kijijini, na hasa msibani, binti asiyejifunga chitenje, yaani kitenge, anaonekana hakuja kulia.

Katikati ya nchi, kwa Wachewa, unaweza kukutana na Nyau, wachezaji wa ngoma wenye vinyago, wakienda ngomani. Simama kando, wapite, na simu ibaki mfukoni. Wenyeji wenyewe hawawapigi picha ovyo.

Habari ya mpaka wa ziwa usiiguse. Malawi hushikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji, na mwanafunzi hakutumwa kuamua. Na tahadhari si ya ziwani tu: Desemba 2016 Watanzania wanane walikamatwa eneo la mgodi wa urani wa Kayelekera, Karonga, wakashukiwa ujasusi na kukaa mahabusu miezi kadhaa. Mgodi, kambi na daraja si mahali pa picha.

Kusini hatari ni nyingine. Mwaka 2017 uvumi wa wanyonya damu, mumiani wetu hasa, ulienea Mulanje na Phalombe. Wananchi wakaua watu waliowashuku, Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake, na serikali ikazuia kutembea usiku. Anayetumwa kufanya utafiti vijijini aende na mwenyeji, mchana, barua ya chuo mkononi, na aanzie kwa mfumu, yaani mkuu wa kijiji, kabla ya kugonga mlango wa mtu yeyote.