Kompyuta na Mtandao (3): Inasikia, Lakini Haisemi

Katika sehemu iliyopita tulikagua waya na swichi. Leo tunaingia ndani ya kompyuta yenyewe.

Tangu tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika na intaneti ikayumba nchi nzima, watu wengi wamepata wa kumlaumu. Hivi karibuni nilikuwa kwenye duka moja la steshenari hapa Mfaranyaki, foleni ya wateja imefika barazani, kompyuta ya kaunta haifungui chochote. "Bahari tena hiyo, mwalimu," akasema kijana wa dukani. Nikamwomba ajaribu kompyuta ya pili, iliyochomekwa kwenye swichi ileile. Ikafungua. Bahari haikuwa na kosa.

"Mbona taa ya waya inawaka?" akauliza. Taa ile hushuhudia jambo moja tu: kwamba waya umeshikana na swichi. Haijui kama kuna mzigo unaotoka. Kati ya programu zako na waya kuna wawili wanaofanya kazi kwa kupokezana, kadi ya mtandao na draiva, yaani programu ndogo inayoiamuru kadi. Wakipoteana, taa huendelea kuwaka kama kawaida.

Fikiria ghala la mahindi msimu wa mauzo. Draiva ni karani: hupanga magunia kwenye nafasi zilizohesabiwa, na kila nafasi huiwekea kikaratasi kinachoeleza mzigo uko wapi na una ukubwa gani. Kadi ni mpakiaji: husoma kikaratasi, huchukua mzigo yenyewe kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, huutuma, kisha huweka alama ya vema. Karani akiiona alama, nafasi hiyo huitumia upya. Kwenye kadi nyingi nafasi hizo ni 256, zimepangwa kwa mzunguko. Siku mpakiaji akiacha kuweka alama, nafasi hujaa mara moja na karani hufunga mlango. Magunia yanayoingia yana mzunguko wake, ndiyo maana kompyuta huweza kuendelea kupokea huku haitumi hata pakiti moja.

Hapo ndipo uchunguzi unapoanzia. Kompyuta ile ilishawekewa Ubuntu baada ya mwenye duka kuchoshwa na virusi vya flashi, kwa hiyo tuliandika "ip -s link", tukangoja kidogo, tukarudia. Hesabu ya zilizopokelewa, RX, ilipanda. Ya zilizotumwa, TX, ilisimama palepale. Kisha "sudo dmesg", daftari la matukio ya mfumo, likatuonyesha maneno "NETDEV WATCHDOG". Huyo ni mlinzi wa Linux: foleni ya kutuma ikifungwa na kusiwe na kinachotoka, kwa kawaida kwa sekunde 5, huandika taarifa na kumwamuru draiva aiamshe kadi. Wakati mwingine kadi haiamki.

Kijana alishanyoosha mkono kwenye swichi ya umeme. Nikamzuia. Kuzima na kuwasha huweza kuponya, lakini hesabu zote zinarudi sifuri na ushahidi unapotea. Kesho ugonjwa ukirudi mnaanza upya. Tuliondoa draiva peke yake, ambayo kwa kadi ile jina lake ni r8169, kwa "sudo modprobe -r r8169", tukairudisha kwa "sudo modprobe r8169". Mtandao ukarudi bila kugusa waya wala ruta. Basi tatizo lilikuwa kati ya karani na mpakiaji.

Kwa nini walipoteana? Chanzo kimoja cha kawaida ni kubana umeme: kadi inalazwa isipokuwa na kazi, ikiitwa inachelewa au haiitiki. Kingine ni kadi kuachiwa kazi ya kukatakata data kubwa kuwa pakiti, ikalemewa. Amri ya "sudo ethtool -K eth0 tso off" huirudisha kazi hiyo kwa prosesa, ukiweka jina la kadi yako badala ya eth0. Jaribu badiliko moja kwa wakati, la sivyo hutajua dawa ni ipi. Sisi tulianza na la umeme, tukaongeza "pcie_aspm=off" kwenye amri za kuwashia mfumo, na kadi haijagoma tena. Wa Windows watafute, kwenye mali za kadi, kisanduku kinachoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme, wakiondolee alama.

Ikigoma hata baada ya kuzima na kuwasha, chomoa waya wa umeme ukutani kwa dakika moja. Kadi nyingi hubaki na umeme hata kompyuta ikiwa imezimwa, na huamka na bumbuwazi lilelile.

Sasa pale kaunta kuna karatasi imebandikwa kwenye skrini, kwa mwandiko wa kijana mwenyewe: "Hesabu kwanza, zima baadaye."

Sehemu ijayo: kompyuta mbili zikigombea anwani moja.